Archimedes: Mzee wa Miduara Aliyeuawa na Askari

Katika ukurasa huu tumekwisha kuwasimulia wasomaji wetu, askari wa jeshi na wa polisi, habari za majemadari walioshinda na walioshindwa. Leo tumeonelea tuwaletee maisha ya mtu ambaye hakuwa na cheo chochote cha kijeshi, wala hakuna mwandishi amtajaye akiwa na upanga mkononi. Hata hivyo aliwazuia Warumi, jeshi lenye nidhamu kali kuliko yote ya zama zake, wasiingie mjini kwake kwa zaidi ya mwaka mmoja. Jina lake ni Archimedes, mzaliwa wa Syracuse katika kisiwa cha Sicily, kusini mwa Italia. Aliuawa mwaka 212 K.K., na aliyemwua alikuwa askari. Kwa sababu hiyo twadhani habari zake zatuhusu sisi wenye sare, wala si mali ya walimu wa hesabu peke yao.

Alizaliwa yapata mwaka 287 K.K. Baba yake aliitwa Pheidias, naye alikuwa mtaalamu wa elimu ya nyota. Syracuse wakati huo ulikuwa mji wa Wayunani, tajiri, wenye bandari kubwa na kuta ndefu, na mfalme wake alikuwa Hiero wa Pili, mtu mwenye busara aliyetawala zaidi ya miaka 50. Yaaminika kwamba katika ujana wake Archimedes alivuka bahari akaenda Alexandria, katika nchi ya Misri, ambako palikuwa na maktaba kubwa kuliko zote duniani. Hata kama safari hiyo haikuandikwa kwa mkono wake mwenyewe, ni hakika kwamba alikuwa na rafiki huko na kuwaandikia barua za elimu maisha yake yote. Mmojawapo alikuwa Eratosthenes, mzaliwa wa Cyrene katika Libya ya leo, ambaye alipima ukubwa wa dunia kwa kulinganisha pembe ya kivuli cha jua la mchana huko Alexandria na kisima cha Aswan. Waandishi wa kale wasema pia kwamba ni huko Misri alikobuni parafujo ya kupandisha maji mashambani, ambayo wakulima waliendelea kuizungusha kwa mikono kandokando ya Mto Naili, mto huo huo uanzao safari yake Jinja, hata katika karne ya 20.

Watu wengi wakilisikia jina la Archimedes hukumbuka kisa cha taji la dhahabu na mtu aliyetoka bafuni mbio, uchi, akipiga kelele njiani. Kisa hicho kiliandikwa na Mrumi aitwaye Vitruvius karibu miaka 200 baada ya Archimedes kufa. Huenda ni kweli, huenda si kweli. Kwa maoni yetu kimemdhuru mzee huyu, maana kimemfanya kichekesho, ilhali kanuni ya vitu vinavyoelea majini aliithibitisha katika kitabu chake, hatua kwa hatua, akiwa amevaa nguo zake. Tuyaache hayo, tuingie katika kazi aliyoithamini mwenyewe.

Kazi hiyo ilikuwa jiometri, na hasa mduara. Chukua mambo, ukifungie kamba, uzunguke nayo huku kamba imekazwa: umechora mduara. Sasa ujiulize, kipenyo cha mduara huo chaingia mara ngapi katika mzingo wake? Mafundi wa tangu zamani walijua kwamba ni mara tatu na kidogo. Archimedes aliuliza swali ambalo fundi hakuwa na haja nalo: hicho kidogo ni kiasi gani, na twawezaje kuwa na hakika? Kupima kwa uzi hakufai, kwani uzi hunyumbuka na jicho hudanganya.

Njia aliyoitumia tungeweza kuiita mbinu ya kuhusuru. Aliuzunguka mzingo kwa pande mbili, ndani na nje, kisha akakaza. Ndani ya mduara alichora umbo la pande sita zilizo sawa. Nje yake akachora jingine lililougusa mduara kwa kila upande. Mzingo wa mduara, maadamu uko katikati, lazima uwe mrefu kuliko umbo la ndani na mfupi kuliko la nje. Kisha akazigawa pembe za katikati nusu kwa nusu: pande sita zikawa 12, zikawa 24, zikawa 48, zikawa 96. Pembe ya katikati iliyokuwa digrii 60 ikashuka mpaka digrii 3 na robo tatu, na ile nafasi baina ya adui wa ndani na wa nje ikawa nyembamba kama makali ya wembe. Hapo akatoa tamko lake: mzingo ni zaidi ya kipenyo mara 3 na 10/71, na ni pungufu ya kipenyo mara 3 na 1/7. Katika mduara wenye kipenyo cha kilomita moja, tofauti ya mipaka hiyo miwili ni kama mita 2 tu. Na hesabu hizo zote, zenye kutafuta vipeo vya namba kubwa, alizifanya kwa tarakimu za Kiyunani, ambazo zilikuwa herufi za alfabeti na hazikuwa na sifuri. Msomaji anayedhani jambo hilo ni jepesi na ajaribu kugawanya herufi kwa herufi.

Pengine koplo wetu wa mizinga atauliza, hayo yanamhusu nini? Yamhusu sana. Wapigaji mizinga hawapimi pembe kwa digrii, bali kwa kipimo kidogo kiitwacho mili, kilichotungwa ili mili moja iwe sawa na mita moja kwa umbali wa mita 1,000. Kama tungefuata ukweli mtupu, mduara mzima ungekuwa na mili 6,283 na kidogo. Namba hiyo haigawanyiki vizuri kwenye dira. Basi majeshi ya nchi za Magharibi yakaukata mduara katika sehemu 6,400, na majeshi yaliyofuata mtindo wa Urusi yakaukata katika sehemu 6,000. Sisi tuliopitia chuo cha kadeti twakumbuka jinsi vijana walivyohangaika walipokutana na dira za aina zote mbili. Siri yake ni hii: anayesema 6,000 amekubali kwamba kipenyo chaingia katika mzingo mara tatu kamili, yaani ameuchukua mduara kana kwamba ni lile umbo la pande sita alilolichora Archimedes ndani, kabla hajaanza kukaza. Kwa umbali wa mita 1,000 sehemu moja ya dira hiyo ni mita 1 na sentimita 5. Ya dira yenye 6,400 ni sentimita 98. Mipaka ya Archimedes ingetupa namba baina ya 6,281 na 6,286. Mzee wa miaka 2,200 iliyopita alikuwa karibu zaidi na ukweli kuliko dira zote mbili, ingawa lazima tukiri kwamba dira ilitungwa kwa haraka ya vita, naye hakuwa na haraka.

Kitabu chake tukipendacho zaidi ni kile cha mistari iliyoviringika. Kila askari aliyelala katika hema ameiona dawa ya mbu ya kuchoma, iliyozungushwa mviringo ndani ya mviringo kama nyoka aliyelala. Huo ndio mchoro wenyewe. Archimedes aliueleza kwa mwendo. Fikiri mshale mrefu wa saa uliolazwa mezani, unaozunguka kwa kasi isiyobadilika. Kutoka kwenye mhimili sisimizi aanza kutembea juu ya mshale kuelekea nchani, naye pia kwa kasi isiyobadilika. Nyayo zake, kama zingeacha wino juu ya meza, zingechora mstari ule. Tuseme mshale wamaliza mzunguko kwa dakika 12, na sisimizi aenda sentimita moja kila dakika. Mshale ukiisha kugeuka digrii 30, sisimizi yuko sentimita 1 kutoka katikati. Digrii 60, sentimita 2. Digrii 90, sentimita 3. Kwa hiyo pembe imegeuzwa kuwa urefu. Na urefu ni rahisi kuugawanya. Anayetaka kuigawa pembe ya digrii 60 katika sehemu tatu sawa huzigawa zile sentimita 2 kwa tatu, na mahali palipo na theluthi hiyo juu ya mstari wa sisimizi ndipo penye digrii 20. Wayunani walikuwa wamelihangaikia tatizo hilo kwa rula na bikari bila kufaulu, na hawakuwa na kosa: mwaka 1837 Mfaransa Pierre Wantzel alithibitisha kwamba kwa rula na bikari peke yake pembe ya digrii 60 haigawanyiki kwa tatu hata milele.

Lakini swali zito zaidi lilikuwa jingine. Sisimizi anapotimiza mzunguko wa kwanza, katika nukta ile ile, anaelekea wapi? Kasi yake ya kwenda nje haibadiliki. Kasi ya kuchukuliwa kando na mshale, hiyo ndiyo inayobadilika kila wakati. Ni kama safu ya gwaride inapogeuka: askari wa ndani anakanyaga pale pale alipo, wa katikati anatembea, na wa mwisho wa nje karibu akimbie ili safu isivunjike. Sisimizi akiwa sentimita 12 kutoka katikati, mshale wamchukua kando kwa sentimita 6.28 kila dakika, naye aenda nje sentimita moja ile ile. Mzunguko wa pili ukiisha, yuko sentimita 24, na achukuliwa kando sentimita 12.57. Archimedes alithibitisha kwamba mstari ulionyooka unaogusa njia ya sisimizi mwishoni mwa mzunguko wa kwanza, ukivutwa mpaka ukutane na mstari uliosimama wima juu ya mshale pale katikati, unakata hapo urefu ulio sawasawa kabisa na mzingo wa mduara wenyewe. Mduara umenyooshwa! Elimu ya kupima kasi ya mabadiliko, ambayo leo hutumika kuongoza makombora na ndege, ilikamilishwa na Newton wa Uingereza na Leibniz wa Ujerumani katika karne ya 17. Archimedes alikuwa amefika mlangoni pake karibu miaka 1,900 kabla yao, bila ya alama zao hata moja.

Tuje sasa kwenye vita. Mfalme Hiero alikuwa rafiki wa Roma tangu mwaka 263 K.K., naye ndiye aliyemshawishi Archimedes aiteremshe elimu yake ardhini na kuutengenezea mji mitambo. Mitambo hiyo ilikaa bila kutumika miaka mingi, kwani palikuwa na amani. Hiero akafa mwaka 215 K.K., wakati Hannibal wa Carthage, mji uliokuwa karibu na Tunis ya leo, alipokuwa akiichoma Italia. Mjukuu wake Hieronymus, mvulana wa miaka 15, akarithi ufalme na kuelekea upande wa Carthage. Mwaka 214 akauawa na watu wake mwenyewe. Mji ukawa mikononi mwa wapenda Carthage, na Roma ikamtuma Marcus Claudius Marcellus, jemadari mzoefu, mwenye mikono migumu.

Mwaka 213 K.K. Warumi walishambulia kwa pande mbili, nchi kavu na baharini. Marcellus alikuwa na merikebu 60 za kivita. Nane kati yake zilifungwa mbili mbili, kila jozi ikibeba ngazi ndefu ya kuegeshwa ukutani. Mpango ulikuwa mzuri, na Warumi walidhani siku chache zingetosha. Polybius, mwandishi aliyezaliwa miaka michache tu baada ya vita hiyo na aliyekuwa mwenyewe afisa wa kijeshi, ameeleza yaliyotokea. Merikebu zilipokuwa mbali, zilipigwa na mitambo mikubwa ya kurusha mawe. Ziliposogea, na mawe yakaanza kupita juu ya vichwa vyao, ikaingia kazini mitambo midogo iliyopimwa kwa umbali huo. Marcellus akaamua kusogea usiku mpaka chini ya ukuta, akitumaini kwamba huko ndiko mahali pasipofikiwa na silaha. Ukuta ulikuwa umetobolewa matundu mengi kimo cha mtu, membamba kama kiganja kwa nje, na nyuma yake kulikuwa na mitambo ya masafa mafupi ikingoja. Askari aliyefundishwa kupanga ulinzi ataona mara moja kilichofanyika hapo: hapakuachwa hata hatua moja ya ardhi isiyopigwa. Kila umbali ulikuwa na mtambo wake, na kila mtambo ulikuwa na kipimo chake.

Ngazi zilipokaribia, magogo yaligeuzwa juu ya ukuta na kuangusha mawe yenye uzito wa zaidi ya kilo 250. Mikono ya chuma iliyofungwa minyororo ilishuka, ikashika merikebu kwa pua, ikaiinua mpaka ikasimama kwa tezi, kisha ikaachiliwa. Plutarch asema mwishowe Warumi wakiona hata kipande cha kamba au cha mti kikichungulia ukutani waligeuka na kukimbia. Kuhusu kile kisa cha vioo vilivyochoma merikebu kwa jua, sisi hatukitii katika taarifa hii: waandishi walio karibu na tukio, akiwamo Polybius, hawakitaji, nacho kilitokea karne nyingi baadaye. Marcellus akaacha kushambulia, akauzingira mji ili njaa ifanye kazi ambayo panga zimeshindwa.

Ajabu ni kwamba ukuta huo hatimaye ulishindwa kwa jiometri ile ile. Wakati wa mazungumzo ya kukomboa mateka mmoja, yaliyofanyika karibu na mnara wa ukuta, Mrumi mmoja aliutazama ukuta kwa utulivu, akazihesabu safu za mawe, akakadiria kimo cha kila jiwe, akazidisha. Akaona kwamba mahali pale ukuta ni mfupi kuliko walivyodhani, na ngazi za kawaida zatosha. Marcellus akangoja. Mwaka 212 K.K., mji ulipokuwa katika sikukuu ya mungu wao Artemis na walinzi wamekunywa mvinyo, Warumi wakapanda usiku wakaitwaa sehemu ya juu ya mji. Tauni ikaliteketeza jeshi la Carthage lililokuja kuokoa, kisha sehemu za ndani zikasalitiwa na Moericus, afisa mamluki kutoka Hispania. Mitambo yote ya mzee ilikuwa mizima. Waliolegea walikuwa watu.

Marcellus alikuwa ametoa amri kwamba watu huru wasidhuriwe, na waandishi wa Kirumi wasema Archimedes hasa aliagizwa aachwe hai. Lakini jemadari huyo huyo alikuwa amewaruhusu askari wake kuuteka nyara mji. Hapo, kwa maoni yetu, ndipo penye kosa, na tunawaomba maafisa wenzetu walitafakari. Amri ya kwanza ilitaka macho na masikio. Amri ya pili iliyafumba. Askari anayekimbia kutoka nyumba hadi nyumba akitafuta dhahabu kabla mwenzake hajafika, atamtambuaje mzee wa miaka 75 aliyekaa sakafuni?

Kifo chenyewe kimesimuliwa kwa namna kadhaa, na Plutarch peke yake ameandika tatu. Wengine wasema mzee alikuwa ameinamia mchoro wake hata hakusikia mji unatekwa. Askari akatokea akimwamuru aende kwa Marcellus, naye akakataa mpaka amalize hesabu yake, na yule akakasirika akamchoma upanga. Wengine wasema askari alikuja tayari kuua, na mzee akamsihi angoje kidogo ili asiliache swali nusu. Wengine tena wasema alikuwa njiani kwenda kwa Marcellus kwa hiari, amebeba kisanduku chenye vyombo vya kupimia jua na pembe, na askari walidhani kisanduku kina dhahabu. Katika masimulizi yote matatu jina la askari halimo. Aliyeua alikwenda zake, labda kwenye nyumba ya pili.

Plutarch aongeza kwamba Marcellus alihuzunika, akageuza uso asimtazame muuaji, akawatafuta jamaa wa marehemu na kuwapa heshima. Kutoka katika nyara zote za Syracuse inasemwa kwamba yeye mwenyewe alichukua nyumbani kwake kitu kimoja tu, chombo kilichotengenezwa na Archimedes kuonyesha mwendo wa jua, mwezi na sayari. Miaka minne baadaye, mwaka 208 K.K., Marcellus aliuawa katika shambulio la kuvizia alipotoka na kikosi kidogo kupeleleza kilima.

Vitabu vya Archimedes vingine vimepotea na vingine viliponea chupuchupu. Kimoja kiitwacho Njia, ambacho alimpelekea Eratosthenes huko Alexandria akieleza jinsi alivyogundua ukweli wake kwa kuvipima vipande vyembamba vya maumbo kana kwamba viko kwenye mizani, kilikwanguliwa wino wake katika karne ya 13, na ngozi zake zikaandikwa sala juu yake. Mwaka 1906 mtaalamu wa Denmark, Heiberg, aliyatambua maandishi ya chini mjini Constantinople. Kitabu hicho kiliuzwa mnadani New York mwaka 1998 kwa dola milioni 2, na wanasayansi wakafanya kazi miaka mingi kuyasoma maandishi yaliyofutwa kwa miale ya aina mbalimbali.

Juu ya kaburi lake, kama alivyoagiza, liliwekwa umbo la tufe lililo ndani ya mche duara, kwani ugunduzi aliouthamini kuliko yote ni kwamba tufe huchukua theluthi mbili kamili za mche unaolizunguka. Wenyeji wa Syracuse wakalisahau. Mwaka 75 K.K. Cicero, aliyekuwa afisa wa fedha wa Roma katika Sicily, alilitafuta, akaliona limefunikwa na miiba nje ya lango, akatuma watu wenye mundu wakalifyekea njia. Leo wageni waendao huko huonyeshwa pango moja linaloitwa kwa jina la Archimedes, lakini hilo ni la Warumi wa nyakati za baadaye; lile lenye tufe na mche halijulikani lilipo.